Tisa Fupi

Mlionisoma tangu mwanzo mmeshanizoea. Kila wiki nawaletea balaa jipya, nanyi mnasema, huyu Delbert Scoggins naye, hana hata siku moja ya heri? Sina. Mmesoma nilivyoachishwa kazi ya uaskari jela. Mmesoma kambare wangu elfu nne walivyoelea tumbo juu asubuhi moja. Wiki iliyopita mkasoma gari langu lilivyoteketea likiwa limeegeshwa mbele ya kituo cha zimamoto.

Baada ya hapo nilibaki na vitu viwili tu. Mke wangu Verna, na kazi yangu ya kujitolea katika kanisa la Piney Fork. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma, bastola chini ya koti, nikilinda waumini. Tulikuwa watano kwenye kikosi.

Leo naungama nilivyoivuruga kazi hiyo. Verna kaniomba nisiandike. Nimemwambia nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nianze na mkono.

Tangu majira ya baridi mkono wangu wa kulia si wangu tena. Vifungo vya shati ananifunga Verna. Chupa ya achari ananifungulia Verna. Daktari alilitaja jina la ugonjwa nami nikalisahau makusudi.

Sasa, bastola kabla ya kulia lazima uikoki. Unavuta kile chuma cha juu mpaka nyuma, springi inakukatalia, unakiachia kirudi na risasi ya kwanza. Mimi nilibeba arobaini na tano, risasi nene kama kidole gumba, na springi yake ni kaidi kuliko marehemu baba mkwe.

Miaka thelathini na moja nilitembea nayo. Watu wakiniuliza kwa nini arobaini na tano, nilikuwa na jibu moja: kwa sababu hawajatengeneza arobaini na sita. Walicheka kila mara, hata waliolisikia mara mia. Na waliobeba tisa, zile za risasi nyembamba za milimita tisa, sikuwaonea huruma. "Hiyo tisa utamfanyia nini mtu," nilikuwa nawauliza, "utamtekenya?"

Siku moja Verna aliingia jikoni akanikuta nimeibana bastola kwenye ukingo wa meza, jasho linanitiririka.

"Delbert, unapigana na meza?"

"Naisafisha."

"Unaisafisha kwa matusi?"

Akaichukua mkononi mwangu, akaiweka juu ya friji, akanimiminia kahawa. Hakusema neno jingine, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Ningeacha kikosi siku ile ile, yasingenikuta haya. Lakini kulikuwa na habari ya Lurleen.

Lurleen Maddox ndiye mpiga piano wetu. Mwezi wa kwanza alimkimbia mumewe, Dwight, aliyemvunja taya. Dwight akatuma salamu kwa watu watatu tofauti, na wote wakatuletea maneno yale yale: Jumapili moja nitaingia humo kanisani kumchukua mke wangu, na atakayenizuia ajiandae.

Tukamwendea Mchungaji Hackett. Tukamwambia tumzuie mlangoni.

"Mlango wa kanisa sifungii mtu," Mchungaji akasema. "Wala sipekui mtu. Akija, akae asikie neno. Ninyi kaeni macho."

Kwa hiyo tukakaa macho. Na kiongozi wetu mpya, Jolene Prather, akaja na sheria mpya. Jolene alikuwa polisi jeshini miaka kumi na miwili. Hata mbwa wake anakaa kwa nidhamu kuliko washirika wengi.

"Kuanzia sasa sote tunabeba tisa," alisema baada ya ibada, tukiwa tumezunguka meza ya chakula. "Risasi za aina moja, kopo moja. Mmoja akiishiwa, mwenzake anampa. Sitaki huyu ana hiki, yule ana kile."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe hasa, Ndugu Delbert."

Wenzangu wakacheka. Coy Ledbetter, mfugaji wa bata mzinga, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Miaka mingi nilimwita Coy mtekenyaji kwa ajili ya tisa yake.

"Jumamosi kuna mtihani," Jolene akaendelea. "Kila mtu atajaza mwenyewe, atakoki mwenyewe, atapiga risasi ishirini na tano. Asiyeweza simfukuzi. Atavaa kizibao cha kung'aa, aelekeze magari nje."

Alisema vizuri tu, hakuwa na ubaya. Lakini mimi nilijiona tayari nimesimama juani na kile kizibao, nawapungia watu niliowalinda miaka tisa.

Jumanne nikachukua gari la Verna. Nikapita duka la silaha la hapa kwetu bila kupunguza mwendo, nikaendesha saa mbili na nusu mpaka mji nisikojulikana. Dukani nikamkuta bibi wa miaka sabini na kitu, miwani inaning'inia kifuani. Kwenye kibandiko cha shati lake pameandikwa Earlene.

"Nataka bastola ndogo ya kubeba," nikasema. "Tisa. Ni ya mke wangu."

"Ya mke wako."

"Ndiyo."

"Leo wewe ni mume wa nne," Bi Earlene akasema. "Wake wa Arkansas wana bahati. Ana mikono ya namna gani?"

"Ya kawaida tu."

"Lete niione."

"Hayupo hapa."

"Mikono yako, baba. Lete niione."

Nikaiweka juu ya kioo cha kabati kama mtoto anayekaguliwa kucha. Akalibonyeza dole gumba langu la kulia. Akaangalia usoni kwangu, siyo mkononi, akaona alichotaka kuona. Kisha akanipa kibastola cha tisa, kidogo, kinajificha kiganjani.

"Vuta."

Nikavuta. Hakikusogea hata unywele.

"Mbona kidogo hivi na kigumu hivi?"

"Ndiyo maana ni kigumu! Ninyi wanaume mnadhani mkono dhaifu unataka bastola ndogo. Ikiwa ndogo na nyepesi springi inakazwa zaidi, na teke lote linaishia kwako. Unaona kabati lile? Zote zile ni zawadi za waume kwa wake zao. Zimerudi, kila moja imepigwa mara moja."

Akanipa ya silinda, ile isiyotaka kukokiwa. Triga yake ilikuwa nzito, kidole kikatetemeka, mtutu ukawa unachora nane hewani. Akanipokonya kwa upole.

Akainama, akatoa bastola ya Kitaliano, ya zamani kidogo, ya wastani. Si kubwa, si ndogo.

"Bonyeza hapo pembeni."

Nikabonyeza. Mtutu ukainuka kwa nyuma wenyewe, taratibu, ukabaki wazi.

"Tia risasi ya kwanza humo kwa vidole. Funga. Basi. Hukoki chochote."

Nikatia, nikafunga. Nikafungua, nikafunga tena. Nisiwafiche, machozi yalinilenga. Miezi mitano nilikuwa napigana na chuma, kumbe Mtaliano alishanifikiria.

"Ni tisa?" nikauliza.

"Ni tatu-themanini, kwa kipimo cha kwetu."

Tatu-themanini! Maisha yangu yote niliiita risasi ya kuulia panya.

"Nahitaji tisa, bibi. Wenzangu... mke wangu anahitaji tisa."

"Soma ubavuni."

Nikavaa miwani. Ubavuni Wataliano walikuwa wameandika: tisa fupi.

"Unene ni ule ule," Bi Earlene akasema. "Imepungua urefu, milimita mbili, na nguvu zake. Huko Ulaya ndivyo wanavyoiita. Lakini nisikilize vizuri, baba. Hizi na tisa ya kawaida haziingiliani. Ukitia ya kawaida humu, haifungi, unajua mapema. Ukitia fupi kwenye bastola ya tisa, inaingia, na huo ndio ubaya wake. Labda italia mara moja, halafu bastola inakufia mkononi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa, au umesikia neno tisa?"

Nilikuwa nimesikia neno tisa.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye shamba la Coy, nyuma ya mabanda. Jolene alikuwa na daftari.

"Ndugu Delbert, umehama?"

"Nimehama."

"Saizi?"

"Tisa," nikasema. Lile fupi nikalimeza.

Coy akatupa kofia juu. "Haleluya! Mzee wa arobaini na tano leo anatekenya na sisi! Verna, umemfanya nini mumeo?"

Verna alikuwa pembeni na sufuria la maharage, karibu na kikaango cha kambare wa mchana. "Mimi sijafanya kitu," akajibu. "Huyo akibadilika ni Mungu au ni ugonjwa."

Jolene aliposema koki, wenzangu wakavuta. Mimi nikageuka kidogo kama ninayekwepa jua, nikainua mtutu, nikatia, nikafunga. Hakuna aliyeona. Nikapiga. Bastola ile ilikuwa laini, mkono haukuuma, na matundu yakakusanyika katikati ya karatasi. Ishirini na tatu kati ya ishirini na tano!

"Umefaulu vizuri kuliko wote," Jolene akasema. "Ulikuwa unatusumbua bure miaka yote na lile zigo lako."

Jamani, nilifurahi. Nilikuwa sijafurahi tangu kambare.

Furaha yenyewe haikumaliza robo saa. Nilishajaza bastola yangu kwa ajili ya kesho, na boksi langu likabaki mezani na risasi kumi na sita. Coy akapita na kopo la kahawa anakusanya za kila mtu. Akalinyanyua boksi langu, hata hakulitazama.

"Tisa ni tisa, baba!" akasema, akazimimina zote.

Akalitikisa kopo kama anayechanganya karanga na chumvi. Kisha wote wanne wakaanza kuchota, kila mtu anajaza magazini yake, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kwa ajili ya Jumapili, huku wanabishana kama kambare hukaangwa kwa unga wa mahindi mtupu au unachanganywa na wa ngano. Vidole vinajaza, macho yako kwenye kikaango. Milimita mbili nani atazihisi?

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ulikuwa unasema?" Jolene akaniuliza.

Nikamwangalia yeye, nikamwangalia Coy na kofia yake, nikakiona kile kizibao cha kung'aa.

"Nasema kambare wananukia," nikasema.

Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Msitafute kwingine. Si kwamba nilidanganya saizi ya risasi. Wanaume hudanganya makubwa kuliko hayo kila siku. Ni kwamba niliona kwa macho yangu watu wanne wakijaza risasi mbovu kwa sababu yangu, nikaongelea samaki.

Jioni nilimpigia simu Jolene mara mbili. Alipopokea mara ya kwanza nikamwuliza habari za mbwa wake. Mara ya pili nikamwuliza tena habari za mbwa wake.

"Ndugu Delbert, uko sawa?"

"Niko sawa. Tutaonana kesho."

Nikajiambia nitamwahi kabla ya ibada, nitamnong'oneza, atanitukana, yataisha. Nikalala kwa kujidanganya hivyo.

Jumapili nikawahi kweli. Nilifika kabla hata ya mfagiaji. Coy akaja, wenzake wakaja, waumini wakajaa. Jolene hakuonekana. Ndama wake alikuwa amevunja uzio na kukimbilia barabara kuu. Jolene akaingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza, akapita mlango wa pembeni moja kwa moja hadi benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwenye piano. Hapo ndipo pake. Yeye ndiye ukuta wa mwisho wa Lurleen.

Ningeweza kumwambia Coy kwanza. Lakini Coy akinong'ona, anasikika mpaka shamba la jirani.

Basi nikasema nitamfuata Jolene wimbo ukiisha. Wimbo haujaisha, mlango wa nyuma ukafunguka.

Dwight Maddox.

Alikuwa amechana nywele, amenyoa, amevaa koti kubwa la jinzi na joto lote lile. Akaniangalia. "Hujambo, mzee Delbert," akasema, akakaa benchi langu, upande wa pili.

Lurleen alimwona kutoka kwenye piano. Akakosea noti tatu, akarudi kwenye wimbo. Coy akagusa kiuno. Wale wengine wawili wakagusa viuno. Jolene hakugusa kitu, aligeuka tu kidogo kwenye benchi lake. Wote walikuwa tayari, wameiva, wanategemea chuma kilichojaa takataka yangu.

Nifanyeje? Nikiondoka, namwacha Dwight mgongoni. Nikikaa, Jolene hajui. Simu zetu zote zilikuwa kwenye kikapu mlangoni, amri ya Mchungaji.

Nikatoa penseli, nikachana karatasi, nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa: JOLENE, USITUMIE ZA KOPO. NI FUPI. Nikaikunja, nikamgusa bibi wa benchi la mbele yangu, nikamwonyesha kidole: mbele, mpelekee mbele.

Karatasi ikasafiri benchi kwa benchi. Nikaifuata kwa macho. Ikafika benchi la tatu, kwa shemasi, na shemasi, mtu mwema, mtumishi wa Mungu, akainuka akaitumbukiza kwenye sanduku la maombi.

Ee Mungu wangu!

Baada ya mahubiri Mchungaji akafungua sanduku, akaanza kusoma. Goti la fulani. Mjukuu wa fulani aliyeko jeshini. Kisha akasimama, akasogeza karatasi karibu na pua. Mwandiko wangu wa kushoto ulikuwa kama njia ya konokono, na jina la mwanzo lilikuwa limefutikia kwenye mkunjo.

"Ndugu yetu mmoja anaomba," akasoma, "'usitumie... za kopo. Ni fupi.' Wapendwa, sisi hatuelewi, lakini Bwana analijua hitaji lake."

"Amina!" Coy akapaza sauti.

Jolene alikunja uso, basi. Angejuaje? Kwenye daftari lake mimi ni tisa.

Mchungaji akashuka madhabahuni na kipaza sauti. Lurleen akaanza kupiga ule wimbo wa taratibu, wa kuwaita watu. "Yeyote mwenye mzigo," Mchungaji akasema, "asiendelee kuubeba. Aje mbele."

Nikaona mwanya. Wakati huu mtu yeyote anaweza kutembea hadi mbele na hakuna atakayeshtuka. Hatua ishirini na mbili, nainama kwa Jolene, naongea, narudi. Dwight alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikasema sasa au basi.

Nikainuka.

Sikumfikiria Verna. Verna ameniombea miaka thelathini nitoke mbele nitubu, nami sikuwahi kutoka. Nilipolipita benchi lake alitoa kilio, akashika mkono wa jirani yake. "Anakwenda," akasema. "Delbert wangu anakwenda!" Wanawake wakaanza kulia naye. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikafika kwa Jolene. Kabla sijainama, mkono wa Mchungaji ukanishika begani, ukanigeuza, ukanikumbatia.

"Sema, ndugu," akaniambia. "Ulete huo mzigo."

"Mchungaji, ngoja kidogo, nataka kumwambia Jolene tu."

"Anza kwa Jolene basi. Umemkosea?"

"Nimemkosea."

Nikainama sikioni kwa Jolene. Nikanong'ona haraka, pumzi moja. "Bastola yangu si tisa ya kawaida, ni tisa fupi, nilikudanganya. Zilichanganyika kwenye kopo jana nikanyamaza. Zenu zitakwama. Msizitegemee."

Nikaisikia sauti yangu inatoka kwenye spika za ukutani.

Mchungaji alikuwa amesogeza kipaza sauti. Kwa upendo tu, ili kanisa lisikie ushuhuda. Zitakwama, spika zikasema. Msizitegemee.

Verna akaacha kulia.

Jolene hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alichomoa magazini yake pale pale, akasukuma risasi kwa kidole gumba, moja moja, kwenye kiganja. Ndefu. Fupi. Fupi. Ndefu. Fupi. Katikati ya kanisa Coy akachomoa yake kwa pupa, ikamponyoka, risasi zikatawanyika zikabingirika chini ya mabenchi. Wale wengine wawili walishainama kuangalia za kwao.

"Yako?" Jolene akaniuliza, midomo haisogei.

"Yangu nzima. Nilijaza kabla."

"Basi geuka, Delbert. Ni wewe tu."

Nikageuka.

Dwight Maddox alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia kila neno, kama kanisa zima lilivyosikia. Akatoka kwenye benchi, akaanza kuja katikati ya njia, polepole, mashavu yamelowa machozi, mkono mmoja umeingia ndani ya koti la jinzi.

"Mchungaji," akasema, "hata mimi nina mzigo."

Piano ikanyamaza.

"Simama hapo, Dwight," nikasema. "Toa huo mkono nje, niuone."

Hakusimama, wala hakuutoa. Aliniangalia kama asiyeamini kwamba nipo.

"Nimeitwa mbele, mzee Delbert. Umeitwa wewe, umekuja. Mimi nani anikataze?"

Nyuma yangu, karibu kabisa, nikasikia sauti ya Lurleen. Tangu taya lile huongea kwa shida. "Ndugu Delbert," akaninong'oneza, "nakuomba. Usimwache anifikie."

Na ubavuni kwangu Mchungaji akanyoosha mikono yote miwili kumpokea. "Mwache aje," akasema. "Delbert, ni mwito. Mwache mtu aje!"

Zilikuwa zimebaki hatua sita, na kile kilichokuwa ndani ya koti lake kilitokeza ncha kwenye kitambaa. Kinaweza kuwa Biblia. Kinaweza kuwa kingine.

Nikaingiza mkono wa kulia chini ya koti, nikaukuta mpini, nikafumba vidole.

Viwili tu vilikubali.